Fyuzi ya Jumamosi

Jumatatu, 2 Machi

Mama amesema mdomo wangu unamwongezea kikohozi. Haya. Mdomo nimeufunga, daftari nimelifungua. Ni hili hili ninaloandikia kazi za wateja. Kuanzia leo kazi na hasira zitalala pamoja.

Mvua zimeanza asubuhi, na jirani naye amemaliza ukuta wake. Umesimama mbele ya dirisha la jiko letu, ukinyoosha mkono unashika tofali za watu. Moshi hauna pa kwenda, mvuke hauna pa kwenda, na Mama, mwenye kifua kibovu tangu mimi msichana, anapika humo mara tatu kwa siku na hataki kusaidiwa. Nimekwenda kwa jirani nikampa vidonge vyake palepale mlangoni. Akasema ukuta uko ndani ya mpaka wake. Nikamwambia kifua cha Mama nacho kiko ndani ya mpaka wangu. Akafunga mlango.

Alhamisi, 5 Machi

Daktari amesema moshi utoke jikoni au Mama atoke. Mama amesema yeye hatoki.

Mdogo wangu akasema tufunge feni ya kutoa moshi, juu kwenye ukuta wa nyuma unaotazama uchochoro. Aliongea utadhani umeme ameugundua yeye. Huyu tunamwita Chapchap. Jina nilimpa mimi tukiwa wadogo, kwa jinsi alivyokuwa akimaliza kazi za nyumbani nusunusu akimbilie mpira. Sote wawili ni mafundi wa umeme, tumefundishwa na baba mmoja kwenye benchi moja. Tofauti ni kwamba baba alipougua, mimi nilibaki na benchi, yeye akaenda mbali kutafuta maisha. Amerudi mwaka juzi mikono mitupu. Mkewe na watoto wako kwa wakwe mpaka apate kazi ya kudumu, na yeye analala chumba cha uani. Mama anamchekea siku nzima. Mimi niliyemgeuza baba kitandani miaka miwili naulizwa kama nimekumbuka sabuni.

Jumapili, 8 Machi

Feni imepatikana. Nimesema nitaifunga mimi mwenyewe, jiko la Mama si mahali pa kazi za nusunusu. Chapchap akasema, "Sawa, Dada." Hiyo "sawa" yake inanikata maini kuliko tusi.

Nikamkumbusha mafunzo ya baba, asijesema hakuyasikia. Kila kifaa na fyuzi yake. Feni ndogo kama hii, ampia tatu, basi. Ule uzi wa ndani ya fyuzi umewekwa ili ukatike kwanza kukiwa na hitilafu, waya upone. Ukiweka fyuzi kubwa, haikatiki, na waya mwembamba ndio unaoungua, tena ndani ya ukuta. Na kazi ikiisha kabisa, fundi anabandika karatasi ndani ya kifuniko cha kisanduku cha fyuzi: tarehe, ukubwa wa fyuzi, jina lake. Kazi ikiwa haijaisha, karatasi haibandikwi. Baba alikuwa hana mchezo na karatasi hiyo, na mimi sina. Fungua kisanduku chochote mtaa huu nilichofunga mimi, utanikuta humo, ndiyo maana wananiita Mama Fyuzi.

"Najua, Dada," akasema.

"Kujua na kufanya ni vitu viwili," nikamwambia. Mama akakohoa. Nikanyamaza.

Alhamisi, 12 Machi

Kazi tatu: soketi mbili saluni, taa za ngazi kwa mwalimu mstaafu, feni ya Mama. Feni imefungwa, inavuta vizuri, nimejaribu kwa karatasi ikanata. Fyuzi ya tatu hakuna dukani, nimeweka ya kumi na tatu kwa muda, Jumamosi nitabadilisha. Karatasi nitabandika siku hiyo hiyo. Mama amenishikia tochi, akafurahi, akanipa chai.

Jumamosi, 14 Machi

Mvua tangu alfajiri. Simu kumi na moja. Maji yameingia kwenye nguzo ya kona na nusu ya mtaa uko gizani, kila mtu ananitaka mimi kwanza. Nimerudi nimelowa chapachapa, nimelala na soksi.

Jumapili, 15 Machi

Mama amepika bila kukohoa hata mara moja. Chapchap akasimama katikati ya jiko akaipigia feni makofi, Mama akacheka mpaka akakaa chini. Mimi ndiye niliyeifunga. Makofi yamekwenda kwa feni.

Ijumaa, 20 Machi

Mvua. Kazi nne. Mgongo.

Ijumaa, 27 Machi

Msimamizi wa jengo jipya la mabweni ya wauguzi amekuja hapa nyumbani. Nilidhani ananitafuta mimi, nikavua aproni haraka. Anamtafuta Chapchap. Mvua zikikatika wanaanza kupitisha nyaya, na anamtaka yeye awe fundi mkuu wa ghorofa ya chini. Kazi ya miaka miwili.

Chapchap alikwenda nyuma ya nyumba kumpigia mkewe. Nilikuwa naanua nguo, nikamsikia anasema, "Waambie watoto mwezi wa sita watalala kwangu." Nikajifanya nahesabu vibanio.

Niandike ukweli, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma: nilimwonea wivu hadi nikahisi uchungu mdomoni.

Jumanne, 7 Aprili

Feni imesimama leo asubuhi. Mimi nilikuwa kazini, Chapchap akaishughulikia. Mama anasema aliishusha, akaifungua yote, akakwangua mafuta yaliyoganda, akaipaka grisi, akairudisha. Saa nne nzima kwa feni moja! Jina lake nilikosea.

Jioni akanifuata nikiwa nanawa miguu.

"Dada, feni inaingiza maji ya mvua kutoka uchochoroni. Inahitaji kofia ya bati upande wa nje."

"Nimeshaona," nikasema. Sikuwa nimeona.

"Na fyuzi uliweka ngapi?"

Nikageuka na miguu yangu ina povu. "Unaniuliza mimi fyuzi? Mimi?"

"Nauliza tu. Koili ya mota ikilowa, feni ikakwama..."

"Wakati wewe unakula raha zako huko, mimi nilikuwa nafunga fyuzi za mtaa huu mzima. Nenda kaulize wengine."

Akasema, "Sawa, Dada," akaenda zake. Kofia ya bati nitaitengeneza wiki hii.

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua. Bati sijapata.

Alhamisi, 16 Aprili

Mvua. Chapchap amesema ana kipande cha bati, anaweza kukikunja mwenyewe. Nimemwambia aache, nitafanya mimi.

Jumatano, 22 Aprili



Saa nne asubuhi nilikuwa juu ya ngazi saluni, simu ikaita. Jirani wa ukuta. Sikupokea, nikajua anataka ugomvi. Ikaita tena. Mara ya tatu mwenye saluni akasema, "Pokea basi, mtu hapigi mara tatu kwa ugomvi." Nikapokea. Akasema, "Njoo, jiko lenu linawaka. Mama yako nimemtoa."

Nilikimbia na kandambili moja. Nilipofika moto ulikuwa umezimwa, watu wamejaa uani na ndoo. Mama alikuwa amekaa juu ya kiti cha jirani, mlangoni kwa jirani, amefunikwa shuka la jirani. Uso mweusi wa masizi. Mkono wa kulia ameuinua juu, kama mtoto anayetaka kujibu swali darasani, na ngozi ilikuwa inaning'inia. Alifungua mdomo kuniita na hakutoka neno. Mlio tu.

Jirani alinieleza. Alisikia Mama anagonga sufuria ukutani, ule ule ukuta wake. Akaruka geti, akapiga mlango wa nyuma teke. Feni ilikuwa inanguruma bila kuzunguka, waya umeshika moto mpaka juu, mafuta ya ukutani yakashika, rafu ikashika. Mama alikuwa anapiga moto kwa kitambaa kibichi. Badala ya kukimbia alikuwa anapiga moto.

Nilimshukuru. Akasema, "Ni jirani." Sikujua niweke wapi macho.

Hospitali wamesema mkono utapona lakini vidole viwili huenda visikunjike tena. Koo na mapafu vimeungua kwa moshi, asiseme hata neno moja mpaka wao waseme. Chapchap alifika akiwa mbio, akapiga magoti kando ya kitanda, akaweka paji la uso kwenye mguu wa Mama. Mama akamshika kichwa kwa mkono mzima. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na begi la nguo zake.

Alhamisi, 23 Aprili

Nimeingia jikoni. Dari jeusi, rafu imekuwa makaa, feni imeyeyuka inaning'inia kwenye waya. Kisanduku cha fyuzi kiko mlangoni, mbali na moto, hakikuguswa. Nikakifungua.

Ya kumi na tatu! Fyuzi ya ampia kumi na tatu, nzima, haina hata alama. Jiko zima limeungua na fyuzi imetulia utadhani ni mgeni sebuleni. Na ndani ya kifuniko hakuna karatasi. Hakuna hata gundi.

Nilikaa chini kwenye maji na masizi, nikaona kila kitu. Mimi huweka ya tatu. Mimi hubandika karatasi. Karatasi haipo, kwa hiyo kuna mtu alifungua. Nani alikuwa na feni hii mikononi saa nne nzima? Amebadilisha, akachana karatasi yangu, akaja kuniuliza fyuzi ngapi ili ajikoshe!

Nilimkuta uani. Nikamwonyesha.

"Sikukifungua kisanduku, Dada. Nilisafisha feni tu. Fyuzi haikuwa imekatika, ningefungua ya nini?"

"Karatasi yangu iko wapi?"

"Sijaiona."

"Utaionaje na umeichana?"

Akaichukua ile fyuzi, akaigeuzageuza. Halafu akanitazama, polepole, akauliza, "Dada, una hakika uliweka ya tatu?"

Nilimwambia yote, ya jana na ya miaka kumi. Nilimwambia, "Baba ulimkimbia. Sasa umerudi kumalizia kwa Mama."

Alikuwa ameshika bisibisi ya kupimia umeme ya baba, ile yenye kishikio cha njano, aliyoachiwa yeye na si mimi. Akaifuta kwa shati, akaiweka mfukoni, akaingia chumbani kwake akafunga mlango bila kuubamiza.

Jumatatu, 27 Aprili

Nimempigia msimamizi wa mabweni. Nimemwambia kama fundi kwa fundi: wauguzi mia mbili watalala humo, na huyu mtu ameweka ya kumi na tatu mahali pa tatu, jikoni kwa mama yake mzazi. Akasema, "Nashukuru kwa kunitonya."

Nilijiona nimefanya haki. Nimekula vizuri.

Alhamisi, 30 Aprili

Mvua imerudi kwa fujo. Chapchap ameambiwa asiende mabweni. Amekaa mlangoni kwake anachonga kipande cha mti mpaka kimeisha.

Jumapili, 3 Mei

Kikao. Nitaandika kama kilivyokuwa.

Mama alitoka hospitali jana, mkono umefungwa bandeji hadi kiwiko, bado haruhusiwi kusema. Alikaa kwenye kochi. Mjomba, kaka yake Mama, alikaa kwenye kiti cha baba. Mjomba hapendi maneno matupu, anataka ushahidi. Chapchap alikaa kwenye stuli karibu na mlango. Jirani aliitwa kama shahidi wa moto.

Mjomba akasema, "Mmoja anasema hivi, mwingine vile. Wewe una daftari, unaandika kila kazi. Lilete. Soma kila palipoandikwa feni, kwa tarehe."

Nilifurahi. Naapa nilifurahi. Sikuwa nimelifunua nyuma hata mara moja tangu moto, kwa nini nilifunue, mimi najijua. Nikasoma tarehe nane, mafunzo ya baba yote, fyuzi ya tatu, karatasi, kwa sauti ya juu ili mtu wa kwenye stuli asikie. Mjomba akaitikia kwa kichwa, "Vizuri sana."

Nikafunua tarehe kumi na mbili. Jicho lilitangulia mdomo kwa maneno machache tu.

Mwandiko ni wangu. Kalamu ni yangu, ile ya bluu inayovuja. Sikukumbuka kuandika na papo hapo nikakumbuka kila kitu: duka, muuza duka akisema njoo kesho kutwa, fyuzi niliyoipapasa mfukoni mwa aproni, Mama na tochi.

"Endelea," Mjomba akasema.

Nikasoma: "Feni imefungwa, inavuta vizuri, nimejaribu kwa karatasi ikanata. Mama amenishikia tochi, akafurahi, akanipa chai."

"Na fyuzi?"

"Ya tatu, Mjomba. Kama kawaida."

Sauti haikutetemeka hata kidogo. Nilidhani mwongo hujikwaa. Mimi sikujikwaa.

Nikaruka mpaka tarehe saba Aprili, saa nne nzima na feni, na hapo nikasoma kila neno isipokuwa habari ya maji na kofia ya bati. Chapchap alikuwa ananitazama. Halafu akamtazama Mama. Mama alikuwa analitazama daftari.

Mjomba akasema Chapchap aondoke kwa muda, mpaka mioyo itulie, na akubali kosa lake. Chapchap akasema, "Siwezi kukubali nisichofanya, Mjomba." Akakunja godoro lake. Mvua ilikuwa inanyesha, akalifunika kwa nailoni. Jirani akamsaidia kubeba hadi barabarani.

Jumatatu, 4 Mei

Mvua.

Jumanne, 5 Mei

Mvua. Nimesoma tarehe kumi na mbili mara sita. Nimeshika kalamu nifute. Wino ungeonekana.

Alhamisi, 7 Mei

Mteja ameniita fundi mwaminifu. Nikamjibu vibaya, hakuelewa kwa nini.

Jumamosi, 9 Mei

Nilikuwa nambadilishia Mama bandeji. Daktari amemruhusu kusema kidogokidogo. Sauti yake imebaki kama ya mtu anayeongea nyuma ya mlango.

Neno lake la kwanza kwangu tangu moto: "Ile ndogo, uliileta?"

"Ndogo gani, Mama?"

"Fyuzi. Ulisema, Mama hii ni kubwa, ya muda tu, Jumamosi naleta ndogo yake. Nilikushikia tochi mimi."

Bandeji ilinitoka mkononi ikabiringika hadi chini ya kitanda. Niliinama kuitafuta na nikakaa huko chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kikaoni hukusoma maneno hayo," akasema.

"Kwa nini hukusema?"

"Sauti sikuwa nayo."

"Ungeandika. Ungeniashiria."

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Nimengoja siku sita." Akakohoa, nikampa maji, akanywa kwa mkono wa kushoto, yakamwagika kifuani.

"Sasa sauti unayo, Mama. Mwambie Mjomba tu, yaishe."

"Ninayo, na kwa hilo sitaitumia. Utatumia yako. Hiyo haijawahi kukukauka."

Halafu akaniambia jambo ambalo sikulijua. Baba mkwe wa Chapchap amesikia habari hizi. Amesema mtu aliyemuunguza mama yake mzazi hawezi kukabidhiwa mke na watoto. Watoto walikuwa wameshafunga nguo zao kwenye mifuko.

Nimelia. Niandike hivyo tu.

Jumatatu, 11 Mei

Nimekwenda mabwenini. Msimamizi alikuwa amesimama kwenye tope na kofia yake. Nilimweleza mwanzo hadi mwisho: fyuzi niliweka mimi, nikaisahau mimi, mdogo wangu hakugusa kisanduku.

Akasema, "Nafasi ilijazwa wiki iliyopita. Mtu ameshasaini."

"Nyingine je?"

"Sina." Akaangalia viatu vyake. "Nilikuwa nafikiria kukuita wewe kwa taa za ngazi. Sasa, Mama Fyuzi, utaniwia radhi."

Nimemwia radhi. Ningefanya nini? Nimerudi kwa miguu.

Jumapili, 17 Mei

Niliwaita wale wale. Mjomba kwenye kiti cha baba, Mama kwenye kochi, jirani, na Chapchap. Yeye hakukaa. Alisimama mlangoni na begi begani, amekonda.

Nilisoma tarehe kumi na mbili yote. Mstari wa fyuzi niliusoma mara mbili, mara ya kwanza ilikuwa kwa sauti ndogo na Mjomba aliweka mkono sikioni. Kisha nikasoma kofia ya bati. Kisha nikasoma tarehe ishirini na saba, simu kwa msimamizi, mpaka pale nilipoandika nimekula vizuri.

Mjomba alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaivua tena. "Na mimi nilimfukuza mtoto wa watu kwa kusomewa nusu," akasema. Hakunitazama hadi anaondoka.

Nikamwambia Chapchap, "Nisamehe, mdogo wangu."

Akasema, "Nilijua tangu uliponiuliza karatasi iko wapi."

"Ulijuaje?"

"Karatasi yako haibanduki, Dada. Unaweka gundi utadhani unajenga. Kama haipo, basi hukuiweka. Na kama hukuiweka, kazi haikuwa imeisha."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Nilikuuliza mara mbili."

Kweli. Mara mbili, nimeandika kwa mkono wangu.

Akaomba ukurasa wa tarehe kumi na mbili. Nikadhani anataka kuuona, nikampa daftari. Akasema hapana, anautaka wenyewe, akamwonyeshe baba mkwe. Maneno yake peke yake hayaaminiki tena kule. Nikachukua rula nikauchana taratibu usiharibike. Akaukunja mara nne, akauweka mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Alimuaga Mama muda mrefu, kwa sauti ya chini, sikusikia. Kisha akaingia jikoni. Nilimfuata mpaka mlangoni. Nimepaka rangi, nimefunga feni mpya, kofia ya bati iko nje. Akatoa bisibisi ya baba, akafungua kisanduku cha fyuzi, akatazama. Ya tatu. Akasoma karatasi iliyo ndani ya kifuniko: tarehe, ukubwa, jina langu. Akarudisha kifuniko, akakaza skrubu ya kwanza, akakaza ya pili, akarudi kuijaribu ya kwanza kama imekaa. Hakuharakisha hata kidogo. Nilisimama pale nikitazama mikono yake na nikaona ni mikono ya baba, na miaka yote hiyo mimi namwita Chapchap.

"Iko sawa," akasema. Hakusema Dada.

Jumapili, 24 Mei

Siku ya nne bila mvua. Uchochoro umekauka.

Tarehe kumi na mbili, niliyoisoma mpaka nikaikariri, nimeiandika upya kwenye karatasi nyingine, na leo nimeibandika mahali pake. Nimeweka gundi nyingi. Nimempigia mdogo wangu simu mara tatu, inaita tu. Mkewe nilipompigia alipokea, akasema baba yake amesoma, bado anafikiria. Akaniuliza hali ya Mama. Hali yangu hakuniuliza, na ana haki.

Mama amerudi jikoni. Anakoroga kwa mkono wa kushoto, mchuzi unamwagika, hataki nimsaidie. Moshi unapanda moja kwa moja juu na kutoka. Nimesimama katikati ya jiko nikaitazama feni inavyovuta. Mama naye akaitazama, kisha akageukia sufuria yake. Hakuna aliyeipigia makofi.